Klasi ya Kwanza Juu ya Maji

Jumatatu, 2 Julai 2001

Nimeota treni tena. Safari hii haikutoka Kabalo. Ilitoka ziwani. Ilikuja polepole juu ya maji, bila reli, bila kelele, madirisha yote wazi, na watu ndani wanakunywa chai. Mimi nimesimama mlangoni na kepi yangu kichwani. Hakuna aliyeuliza kama jambo hilo linawezekana. Nikaamka na furaha isiyo na sababu.

Mimi ni kontroleri wa treni. Vita ilipoanza, treni yetu ilikuwa Kabalo, na Kabalo ikabaki upande ule, sisi upande huu. Haijarudi. Lakini hakuna mkubwa aliyeniambia kwamba kazi imekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi naenda gare, stesheni ya hapa Kalemie, napanda behewa moja lililobaki, la klasi ya kwanza, nakaa dirishani. Majani yamefika kwenye magurudumu. Njiwa wametaga juu ya rafu ya mizigo. Ni biro nzuri ya kufanyia kazi.

Jioni, kahawa kwa Papa Twahiri, jirani yangu, muuza vitambaa. Huzuni tupu. Binti yake Yasmine anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, kijijini kwa bwana arusi, kusini, katikati ya njia ya Tembwe. Siku haiwezi kusogezwa. Bwana arusi anafanya kazi Kigoma, na boti ya kumrudisha huko pamoja na mke wake inapita Jumapili. Ikishapita hiyo, lini itapita nyingine hakuna anayejua. Kwa barabara hapana. Ukivuka kizuizi cha askari unakuta askari wengine, na ukivuka hao unakuta watu ambao hatuwataji. Limebaki ziwa. Na ziwani yupo Pontien, na boti yake ya kubeba ndagala. Yasmine alikuwa chumbani analia kwamba atafika kwa mume wake ananuka samaki wakavu.

Nikasikia muntu anasema kwamba bibi arusi atakwenda amekaa kwenye kiti cha klasi ya kwanza, chini ya kivuli, na kikombe cha chai mkononi. Muntu huyo alikuwa mimi.

Mama Zaina, shangazi ya Yasmine, mjane, anayepima damu kwenye laboratwari ya hospitali, alinitazama muda mrefu. Muda mrefu kabisa. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jumatano, 4 Julai

Mambo yanakwenda. Mapipa matupu ya mafuta yatafungwa pamoja. Juu ya mapipa, mbao. Juu ya mbao, viti vya behewa langu. Mlinzi wa gare alikataa kuvitoa. Nikamwambia mvua zikirudi vitaoza. Akakataa. Nikamwambia ni kazi ya reli. Akacheka. Nikamwambia atakula pilau arusini. Akaleta spana mwenyewe.

Viti ni vyekundu, vina mahali pa kulaza kichwa. Tulipovitoa nje kwenye jua nilishangaa. Miaka hii yote nilidhani vimekuwa vya kahawia.

Wa kutuvuta ni Élisée, Mubembe, mvuvi, aliyeteremka kutoka kaskazini na familia yake yote ndani ya mutumbwi mmoja huko kulipoharibika. Mutumbwi ni mkubwa na una injini ya kweli. Ni mtu wa kusali, haongei sana, na akiongea hatazami macho yako, anatazama ziwa nyuma yako. Amekubali. Ila ana sharti.

Sharti ni majaribio. Anataka tujaze mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wote wa arusi, tuipange juu ya chombo, tukiache majini usiku kucha kwenye upepo wa kusini, na asubuhi tugonge kila pipa kusikia kama limekunywa maji. Halafu siku nyingine tupande watu, karibu na ufuko, tuone wakitembea inakuwaje. Halafu ndiyo tuseme ndiyo au hapana.

Nilikubali papo hapo. Kukubali hakuchukui muda.

Ijumaa, 6 Julai

Baada ya swala nimeenda kutazama chombo. Mbao zimekwisha kupigwa. Mapipa yamefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu, inapendeza. Élisée aliitazama kamba bila furaha. Anasema nailoni ikilowa, fundo linateleza, afadhali waya. Waya mji huu uko kwenye uzio wa askari. Nikamwambia tutaona.

Pontien akapita. Amenunua miwani ya jua. Alizunguka chombo chetu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akapiga teke pipa moja, akauliza kwa upole kama ni kitanda au ni kaburi. Kisha akaniuliza hali ya Mama Zaina. Kwa nini aulize hali ya Mama Zaina? Ana mke. Miwani ile haikununuliwa kwa ajili ya jua.

Nimekaa kwenye kiti chekundu ufukweni, nikapima mambo kwa utulivu, hasara upande mmoja na faida upande mwingine, kama mtu mzima. Hasara ni moja: chombo kinaweza kuzama. Na hiyo si lazima itokee. Faida ni nyingi, na zote ni lazima: Yasmine hatanuka, Papa Twahiri atanishukuru, Pontien atavua miwani, Zaina ataendelea kunitazama. Hata mtoto wa shule ataona upande gani ni mzito.

Moshi wa majani yanayochomwa porini umefunika ziwa. Milima ya Tanzania haionekani kabisa. Maji na mbingu ni rangi moja, na mitumbwi inaning'inia katikati kama nguo zilizoanikwa. Nilikaa hapo mpaka nikasahau nilichokuwa napima.

Jumapili, 8 Julai

Chombo kinaelea! Kwa mikono ya watu wa ufukweni wote kilishuka majini, kikayumba, kikatulia. Élisée alikuwa kanisani. Sikuona sababu ya kumsubiri. Nilipanda peke yangu, nikakaa klasi ya kwanza, nikalaza kichwa.

Sijui nieleze vipi. Maji yanazungumza chini ya mapipa, sauti ya ndani, kama watu wanaongea chumba cha pili na wewe unapata usingizi. Jua la asubuhi kupitia moshi lilikuwa jekundu kama kiti. Nilifunga macho nikapita Nyunzu, nikapita madaraja yote, wanawake wanauza ndizi madirishani, nikakata tiketi za watu ambao sijui leo wako wapi, wengine wako upande ule, wengine hawapo. Wote walinisalimia.

Nilipofungua macho, Kalemie ilikuwa ndogo. Nyumba zote za kilimani zingeingia kwenye kiganja. Nilikuwa nimesahau kufunga kamba.

Aliyenirudisha ni Pontien. Njia nzima alikuwa anaimba.

Nimemweleza Élisée kwamba jaribio la kwanza limefaulu: chombo kinakwenda hata bila injini.

Jumanne, 10 Julai

Tulijaza mchanga jana kutwa. Mifuko ya unga, mifuko ya chumvi, mito ya nyumbani kwangu. Tuliipanga ufukweni, msafara mzima wa arusi kwa mchanga. Mfuko mkubwa wenye kamba nyekundu ulikuwa Papa Twahiri. Mdogo wa mbele ulikuwa Yasmine. Mmoja nilioufunga vizuri kuliko yote sitasema ulikuwa nani.

Leo asubuhi askari walikuja na kamyo. Walisema asante. Walidhani ni mchango wa raia, maana kizuizi chao kinahitaji mifuko ya mchanga na hakuna aliyewahi kuwatayarishia vizuri hivyo. Mkubwa wao alinishika mkono. Nilimwona Zaina wangu anarushwa kwenye kamyo, anawekwa chini ya bunduki ya barabara ya Nyunzu.

Mifuko mingine hakuna mjini. Élisée alikaa kwenye ukingo wa mutumbwi wake, akasema basi tumwambie Papa Twahiri aongee na Pontien mapema, boti ya watu iwe tayari, na sisi tubebe sufuria na mikeka. Nikasema Élisée, unanivunja. Akasema hapana, wakati njo unatuvunja wote wawili. Ijumaa tunaondoka, leo ni Jumanne, na chombo hakijabeba hata kuku.

Hilo la kuku likanipa wazo.

Jumatano, 11 Julai

Ng'ombe wa arusi ametembea kutoka Pepa, juu milimani, na wachungaji wake, akipita vizuizi vyote akiwa mzima, jambo ambalo mwanadamu siku hizi halimudu. Ni dume jeupe, lina macho ya mtu aliyeona mengi. Papa Twahiri alimfunga uani pamoja na mbuzi. Nilimwomba niwapeleke ziwani wakanywe maji.

Hilo halikuwa uongo. Walikunywa.

Élisée hakupenda, lakini alikubali kwamba uzito ni uzito. Dume lilipanda kwa heshima kubwa, likasimama katikati ya viti. Mbuzi wakapanda viti. Tukavutwa taratibu kando ya ufuko. Kwa muda mrefu kila kitu kilikuwa kama ndoto yangu, isipokuwa abiria. Dume lilitazama ziwa. Mimi nilitazama ziwa. Nilihisi tunaelewana.

Kisha likaona majani mabichi ufukweni. Likasogea upande huo. Mbuzi, kwa kuwa mkubwa wao amesogea, wakasogea. Chombo kikainama. Sikuwahi kuona jambo likitokea polepole hivyo. Dume likaingia majini bila haraka, likaogelea, likatoka, likaanza kula. Mbuzi wakamfuata. Nikabaki mimi, nimekumbatia kiti, na pipa moja limechomoka kwenye kamba linaondoka peke yake kuelekea Tanzania.

Élisée alizima injini. Hakukasirika. Alisema sasa tumejua kitu. Uzito si shida. Shida ni wote kwenda upande mmoja, halafu fundo linateleza. Alitaka siku mbili: waya mahali pa kamba, mapipa mawili ya ziada kila ubavu, na jaribio lingine saa upepo unapokuwa mkali.

Nikamkumbusha kwamba watu si ng'ombe, wataambiwa wakae. Kwenye treni nimewaambia watu wakae miaka mingi.

"Treni ina reli, Papa Jamil," akasema. "Hii inashikwa na nini?"

Nilikuwa natafuta mbuzi.

Alhamisi, 12 Julai

Ng'ombe alirudi nyumbani amelowa, na mji huu hauna siri. Zaina alikuja ufukweni akitoka kazini, bado na koti jeupe la laboratwari. Nilikuwa nafunga tena kamba. Ya bluu. Waya hatukupata.

Alizunguka chombo. Alibonyeza kiti kwa kidole. Nikaona kimempendeza, maana alitabasamu kidogo, akasema kwamba alipokuwa mtoto baba yake aliwahi kumpandisha klasi ya kwanza kutoka hapa mpaka Nyunzu, na hakulala njia nzima asije akapoteza kitu cha kuona. Moyo wangu ukasimama kwenye kila stesheni.

Kisha akaniuliza.

"Bwana Jamil, mumejaribu?"

"Tumejaribu, Mama Zaina."

Ni kweli. Tumejaribu. Hakuuliza jaribio lilisema nini.

Akaanza kunieleza mambo ya kazini kwake. Kwamba damu lazima ipimwe kabla ya kumpa mgonjwa. Kwamba wakati mwingine dawa za kupimia zimekwisha, kutoka Kigoma hakijaja kitu, na mgonjwa anakufa pale mbele yako, na akisubiri atakufa. Basi unampa. Lakini kwanza unakaa karibu na ndugu zake unawaambia: hiki nimepima, hiki sikupima. Wao ndio wachague.

"Mambo unayoyajua nimeyasikia mji mzima," akasema. "Niambie usiyoyajua."

Ziwa lilikuwa limetulia nyuma yake. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini koti lile jeupe, na mwanga ule, na kidole chake bado kiko juu ya kiti changu. Na Pontien alikuwa anapita kwa mbali na miwani.

Nikamwambia hakuna nisilolijua.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Nadhani nilijibu vizuri. Mwanamke anapenda mtu mwenye uhakika.

Ijumaa, 13 Julai, asubuhi, majini

Naandika nikiwa kazini! Kiti cha mwisho, upande wa dirisha, ingawa dirisha halipo.

Tuliondoka alfajiri. Maji laini kama kitambaa cha Papa Twahiri kabla hakijakatwa. Bibi yake Yasmine, ambaye hajatoka uani tangu vita ianze, alikaa mbele, akashika mikono ya kiti, akasema treni imerudi. Hakuna aliyemsahihisha. Yasmine amekaa chini ya turubai, amejifunika kanga mpya, ananukia udi. Wanawake wanaimba. Chai ipo, ndani ya termo. Nilitengeneza tiketi za karatasi, nikapita nikizikata kwa koleo yangu ya zamani. Papa Twahiri alinipa yake kwa mikono miwili, kama zamani. Zaina alinipa yake bila kunitazama. Aibu.

Jambo moja dogo la kuudhi. Nyuma yetu, si karibu si mbali, inakuja boti ya Pontien, tupu. Nilimuuliza Élisée kwa ishara. Akasema yeye njo alimuomba, jana, bila kuniambia. Ameniahidi pia atakaa karibu na ufuko njia nzima, hata kama ni mbali zaidi. Imani ndogo namna hii kwa mtu anayesali.

Vilima vinapita upande wa kulia. Moshi umeshuka mpaka majini. Hatuoni tunakotoka wala tunakokwenda. Mahali fulani ndani ya nchi bunduki imelia, mara moja, mbali sana, na wanawake hawakukata wimbo. Bibi amelala na mdomo wazi. Ningependa tusifike.

Ijumaa, 13 Julai, jioni, kijijini kwa bwana arusi

Kurasa zimelowa. Naandika kwa kalamu ya kuazima.

Upepo wa kusini uliamka tulipozunguka rasi ya mwisho. Chombo kilianza kunung'unika. Élisée alipunguza mwendo, akapaza sauti kwamba watu wakae. Nikapita nikiwakalisha. Walikaa. Lazima iandikwe kwamba walikaa.

Kisha tukakiona kijiji. Na kijiji kikatuona. Watu wa bwana arusi walikuja wakikimbia ufukweni na ngoma na matawi, kanzu nyeupe zinapepea, yeye mwenyewe mbele amevua viatu ameingia majini. Hakuna mwanamke duniani angebaki amekaa. Shangazi zake Yasmine walisimama wote kupiga vigelegele, wakakimbilia upande wa ufuko. Nikapaza sauti wakae. Zaina akageuka, uso wake unang'aa, machozi yanamtoka, akanyoosha mkono kwangu akasema njoo uone.

Nikaenda kuona.

Pipa la kwanza lilichomoka upande wa nyuma, likaruka juu ya maji kama kiboko anayetoka kuvuta pumzi. Kisha la pili. Kisha sikuhesabu. Chombo kikalala ubavu, polepole, kama dume lile, na wote tukaingia ziwani tukiwa bado tunaimba.

Maji yalikuwa ya shingo kwa mrefu. Kwa Yasmine yalikuwa ya kupita kichwa. Bwana arusi alimfikia wa kwanza, akamshika kwa kanga, na Pontien akamvuta juu ya boti kwa mikono, akamlaza juu ya mifuko mitupu ya ndagala. Pontien huyo huyo alirudi mara tatu. Bibi alibaki juu ya kipande cha mbao, kwenye kiti chake, anazunguka taratibu, na alikuwa wa mwisho kukubali kutoka. Papa Twahiri alifika ufukweni kwa miguu yake, amekaa mchangani, hasemi na mtu. Sanduku la Yasmine, na nguo zote za kuanzia maisha, lilikwenda chini mbele ya macho yake.

Mimi sijui kuogelea. Sikuwahi kuhitaji. Nakumbuka rangi ya kijani, na kiti chekundu kinashuka karibu nami kwa upole, na utulivu mkubwa, nikafikiri ni stesheni gani hii. Halafu mkono ukanishika kola. Ulikuwa wa Zaina. Alinivuta mpaka mahali ambapo magoti yangu yaligusa mchanga, akaniacha hapo, akarudi kutafuta wengine.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena ili nilione: hakuna aliyekufa.

Kamba ya kutuvuta ilikuwa imepindua mutumbwi wa Élisée. Wameutoa. Injini ilikaa chini ya maji mpaka walipoifikia. Nilimkuta ameiweka juu ya gunia, anafungua kimoja kimoja, anamwaga mchanga. Ni injini ya chakula cha watoto wake. Nilisimama pale. Hakusema neno. Ningependa angesema. Nikaokota spana, nikamwahidi kwamba nitamtengenezea mwenyewe, iwe mpya. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimjue, akachukua spana kutoka mkononi mwangu.

Jumamosi, 14 Julai

Wameoana. Kwa nguo za kuazima, na Yasmine ananuka ndagala kutoka kichwani mpaka miguuni. Bwana arusi anasema hajasikia harufu yoyote. Nampenda kijana huyo.

Ng'ombe aliletwa na Pontien leo asubuhi kutoka Kalemie, akiwa amefungwa vizuri. Dume liliponiona karibu na zizi liligeuza kichwa. Watu walikula. Mimi nilikula nyuma ya nyumba, karibu na moto wa kukaushia nguo, maana Papa Twahiri ameomba asinione kwa muda.

Zaina alikuja kugeuza kanga zake kwenye moto. Amekwaruzwa shavuni. Hakunikasirikia, na hilo nilikuwa sijalitayarishia jibu. Aligeuza kanga moja, akageuza nyingine. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya jana, kabla ya upepo, ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote tangu vita ianze. Kisha akasema, anatazama moto:

"Ungeniambia hujui, Yasmine na Bibi wangepanda boti ya Pontien. Lakini mimi ningekuja na wewe."

Akachukua kanga zake akaenda.

Nimeliandika hili mara mbili kwenye karatasi ya pembeni ili nisilisahau: ningekuja na wewe. Ningekuja na wewe! Mambo mengine aliyosema yalikuwa ya safari.

Jumatatu, 16 Julai, njiani

Boti ya Kigoma ilipita jana. Yasmine alipunga mkono mpaka moshi ukamchukua. Bibi amebaki kijijini, amepapenda. Élisée anabaki na injini yake, vipande vimeanikwa juani kama samaki. Pontien amewarudisha shangazi. Lakini Papa Twahiri ameapa kwamba hatakanyaga tena kitu kinachoelea, na Zaina hawezi kumwacha kaka yake, na lazima kesho asubuhi awe laboratwari, kuna wagonjwa wanaomsubiri. Basi watakwenda kwa miguu. Wanakijiji wanasema wiki hii njia ya kando ya ziwa ni shwari, vizuizi vinajulikana, ila ni ndefu, watafika kesho jioni.

Nikasema ipo njia ya mkato, juu ya vilima. Wachungaji wa Pepa wanaipita. Kupitia huko tutakuwa Kalemie kabla ya alfajiri ya kesho kufunguka vizuri.

Papa Twahiri hakusema na mimi, lakini alimwambia dada yake amuulize yule mtu kama ana hakika.

Tumetembea tangu asubuhi. Huku juu ni pazuri kupita maelezo. Majani ni ya dhahabu, yanafika kiunoni, na upepo ukipita yanalala yote pamoja na kuamka yote pamoja. Ziwa liko chini yetu, jeupe, halina ukingo. Hakuna sauti. Hakuna mtu. Tangu tupande hatujaona kinyesi cha ng'ombe hata kimoja.

Sasa tumepumzika. Papa Twahiri amelala, kofia usoni. Zaina amekaa karibu nami, anakula muhogo, na muda mfupi tu uliopita, kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama, ameniuliza kama niliwahi kuipita njia hii mimi mwenyewe.

Upepo ulikuwa unacheza na ushungi wake. Nilimwambia mara nyingi.

Akatazama chini ya kilima, kule ambako njia inagawanyika mara mbili, moja inaingia kwenye miti na nyingine inapotea kwenye majani. Akauliza ni ipi. Nikafunga shajara nusu, nikasimama, nikakunguta suruali, nikamwambia wataiona nikitangulia.